Naombeni ushauri: niielezeje "Single Form" ya Barbara Hepworth?

Mwaka_wa_Pili: Wakuu, habari za humu. Nasoma sanaa za ufundi. Nimepangiwa kuwasilisha darasani sanamu ya Single Form, ile ya bronzi iliyosimama Umoja wa Mataifa, New York, tangu 1964. Nieleze ina nafasi gani katika ukuaji wa msanii, huyu mchongaji Mwingereza. Nikiitazama naona bapa refu lenye tundu juu, basi. Nianzie wapi?

Patasi: Usianze na "tundu maana yake nini", utazama. Rudi nyuma. Hepworth alitoboa jiwe kwenye Pierced Form, 1932, kazi iliyoharibiwa wakati wa vita. Hadi hapo sanamu zake nyingi bado zilikuwa na sura ya mtu. Mwishoni mwa 1934 alijifungua mapacha watatu, na aliporudi kazini sura ya mtu ikatoweka. Kati ya 1937 na 1938 akachonga Single Form ya mti wa msandali: umbo moja limesimama wima. Hapo ndipo asili ya hilo bapa lako.

Mama Kauri: Na huo msandali ulikuja kumilikiwa na Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa UN. Septemba 1961 ndege yake ilianguka karibu na Ndola, Zambia ya leo, akienda kutafuta suluhu ya vita vya Katanga, jimbo la Kongo. Mwaka huo huo Hepworth, rafiki yake, alichonga nyingine ya mti wa jozi. Ya New York ikafuata kumkumbuka, urefu mita 6.4. Kwetu hiyo Katanga si habari ya mbali, itaje.

Patasi: Sawa mama, ila msiba usimeze somo lote. Hepworth alikuwa mchongaji wa mkono, mti na jiwe, miaka zaidi ya 30. Bronzi alianza kuishika 1956. Anajenga umbo kwa plasta, anaiparura na kuikwangua ikishakauka, ndipo bronzi inamiminwa kufuata umbo hilo. Vuta picha uone mistari aliyoikata juu ya bapa. Kwangu mimi ukuaji uko hapo: kaikuza kazi kufikia ukubwa wa jengo, mkono wake bado unaonekana.

Mwaka_wa_Pili: Asanteni sana. Kwa hiyo nipange msandali, jozi, halafu bronzi?

Mama Kauri: Ndiyo, ziweke kwenye slaidi moja. Na tafuta picha ya ubavuni, ya mbele pekee inadanganya unene.