Seva ya Windows Server 2012 R2 imechoka: tukarabati, tununue iliyotumika, mpya, au twende wingu?

kebo_bluu
Wakuu, naomba tulinganishe. Seva moja ya 2U (ya kwenye raki), prosesa mbili, rami ya DDR3 GB 32, diski nne za SATA za TB 2 kwenye RAID 5 (data imesambazwa kwenye diski zote, moja ikifa haipotei). Watumiaji 15. Inabeba Active Directory (mfumo wa akaunti za watumiaji na kompyuta za ofisi), mafaili ya ofisi na uhasibu unaotumia hifadhidata ya SQL Server. Kontrola (kadi inayoendesha RAID) inalalamikia betri yake, na diski moja inaonyesha sekta zinazosubiri (sehemu zilizoshindwa kusomeka). Njia ipi ina akili?

Mzee wa RAID
Kabla ya njia yoyote, piga bakapu kamili leo na ujaribu kuirejesha kwenye mashine nyingine. Usianze kwa kuchomoa diski. RAID 5 yako ikijijenga upya itasoma TB 6 kutoka kwenye diski tatu zilizobaki, ambazo kwa kawaida zina umri uleule na zimefanya kazi ileile. Diski za kawaida huandikiwa kosa moja la kusoma kwa kila biti 10^14, takriban TB 12.5. Nyingi hufanya vizuri kuliko hapo, ila sekta mbovu iliyo kwenye faili lisilofunguliwa kwa miaka hujitokeza wakati huo huo wa kujenga upya, pabaya kabisa.

Soma SMART (ripoti ya afya ya diski) ya diski zote nne: namba 5 (sekta zilizobadilishwa), 197 (zinazosubiri) na 198 (zisizosomeka). Namba 197 ikizidi kupanda, diski hiyo ni ya kubadilisha, si ya kuangalia.

Kuhusu betri: ikifa, kontrola huacha kutumia kashe ya kuandika (kumbukumbu ya haraka inayoshika data kabla haijafika kwenye diski), seva inakuwa nzito, watu wanalaumu rami. Usilazimishe kashe iwake bila betri. Umeme ukikatika, kilichokuwa ndani ya kashe kimepotea na hifadhidata ya SQL inaweza kuharibika.

dada_swichi
Ukarabati wenyewe ni mwepesi: betri ya kontrola, feni, betri ndogo ya CR2032 ya ubao mama, diski, labda pawa saplai. Lakini hakuna kifaa hata kimoja hapo kinachoondoa tatizo kubwa zaidi: msaada wa nyongeza (extended support) wa 2012 R2 uliisha tarehe 10 Oktoba 2023. Ukikarabati, iwe ni kuvuka miezi michache tu ya kuhamia.

Na betri za UPS (kifaa kinachoshikilia umeme ukikatika)? Za asidi huchoka kati ya miaka 3 na 5. Seva mpya juu ya UPS iliyokufa ni kazi bure.

Seremala_wa_Data
Mimi natetea iliyotumika, kwa masharti. Kizazi cha rami ya DDR4, pawa saplai mbili, na muuzaji akuonyeshe kumbukumbu za matukio za seva: makosa ya ECC (rami inayojisahihisha) yanayojirudia kwenye nafasi moja ya rami ni ishara mbaya. Diski usizichukue kwake, nunua SSD mpya za seva zenye kinga ya kukatika umeme, mbili kwenye RAID 1 (moja ni nakala ya nyingine). Ukipewa diski za SAS (aina ya diski za seva) zilizotoka kwenye hifadhi kubwa, angalia ukubwa wa sekta. Za baiti 520 kontrola nyingi hazizikubali. Itabidi kuziformati upya kwa programu ya sg_format ziwe 512, na TB kadhaa huchukua saa nyingi.

dada_swichi
Sawa mkuu, ila hesabu umeme pia. Mashine ya 2U inayokula wati 250 muda wote hufikisha kWh 2,190 kwa mwaka. Seva mpya ya mnara (ya kusimama) ya prosesa moja ikila wati 80 ni kWh 700. Kwa watumiaji 15 sioni haja ya prosesa mbili. Halafu ubao mama wa iliyotumika ukifa, nani atakuletea mwingine kesho?

wingu_na_mvua
Barua pepe na mafaili, peleka wingu. Uhasibu, taratibu kwanza. Programu ikiwa kwenye kompyuta za ofisi na SQL ikiwa mbali, kila skrini hutuma maombi mengi madogo na ucheleweshaji unajumlishwa. Itabidi programu nayo ikae huko na watu waingie kwa dawati la mbali (remote desktop). Pima pia kasi ya kupandisha: TB 2 kwa Mbps 20 ni zaidi ya siku 9 bila kukatika.

Mzee wa RAID
Vyovyote utakavyochagua, usigeuze kidhibiti cha domeni (seva inayoendesha Active Directory) kuwa mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu ndani ya seva) kwa kunakili diski. Simika kipya, kiunge na domeni, hamisha majukumu ya FSMO (kazi maalumu ambazo kidhibiti kimoja tu hushika), kisha kishushe cha zamani. Kwanza endesha `dfsrmig /getglobalstate`. Domeni ikiwa bado inatumia FRS (mfumo wa zamani wa kunakili mafaili ya domeni kati ya vidhibiti), Windows Server 2019 na 2022 hazitakubali kuwa vidhibiti. Hapo ndipo wengi hukwama usiku wa kuhamia.

kebo_bluu
Asanteni. Leseni ilikuja na seva. Naweza kuihamisha?

dada_swichi
Kama ni OEM (leseni inayouzwa pamoja na mashine), hapana, inabaki na mashine hiyo. Toleo la Standard la Windows Server hununuliwa kwa viini vya prosesa (cores), kiwango cha chini 16 kwa seva, na ukilipia viini vyote unaruhusiwa mashine pepe mbili: moja ya AD, moja ya SQL na mafaili. CAL (leseni za watumiaji kuingia kwenye seva) za 2012 nazo hazifungui toleo jipya, kwa hiyo ziweke kwenye bajeti. Prosesa usivuke viini 16, la sivyo unalipia leseni za viini ambavyo watu 15 hawatavitumia.