Tupeane uzoefu: gari yenye maandishi na teksi bubu, Unguja na Pemba

Mama Kwerekwe

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Mama yangu ana miaka 74. Wiki iliyopita alishuka boti ya Pemba pale Malindi, na mie niliyekuwa nimpokee nilichelewa, mtoto alikuwa na homa. Kijana mmoja akamdaka begi na kapu lake la halua ya Wete, akamwambia, "Bibi twende, teksi ile pale." Wakapatana 10,000 mpaka Mwanakwerekwe. Gari nyeupe, ubavuni haina neno. Kufika mlangoni bei ikawa 25,000, na buti halifunguliwi mpaka alipwe. Mama akakaa kizingitini akalia. Wazee waliokuwa barazani wakaja kusema na yule kijana, wakasema naye sana, mwisho akachukua 15,000 akashusha mizigo.

Nilipofika mie, swali langu la mwanzo lilikuwa namba ya gari. Hakuna aliyeishika. Basi nimshitaki nani?

Siku hizi nikipita njiani natazama mbavu za magari tu. Hapa Zanzibar tunayo Sheria ya Usafiri Barabarani, Namba 7 ya 2003, na gari ya kuchukulia watu kwa malipo inatakiwa iwe na leseni ya kazi hiyo, haitoshi dereva kuwa na leseni yake mfukoni. Ndiyo yale maandishi GARI LA ABIRIA tunayoyaona, na gari inayochukua watu kwa nauli bila ya leseni hiyo ndiyo tunayoiita teksi bubu. Kwangu mie maneno yale ni ahadi: yupo mtu anayejulikana, na pana pahala pa kumuulizia. Lakini nataka kusikia kwenu, abiria na madereva, wenye leseni na wasio nayo. Yepi yamekufikeni? Tusitaje majina ya watu wala ya kampuni.

Usukani 19

Wa alaykum salaam dada, mpe pole bibi. Mie ni dereva wa teksi, mwaka wa 19 huu, na gari si yangu, ni ya tajiri. Ntakwambia ya upande wetu.

Kabla sijampata abiria wa kwanza asubuhi, gari ishalipiwa leseni, ishalipiwa bima ya kuchukua abiria, ambayo ni ghali kuliko ya gari ya mtu ya nyumbani, na ishapita ukaguzi. Jioni tajiri anataka hesabu yake, kuwe na mvua kuwe na jua. Halafu boti inafunga gati, na mwenye gari yake ya kwendea kazini anakuja kusimama mbele yangu, katika yote hayo hana hata moja. Anaweza kusema 8,000 pahala ambapo mie nikisema 10,000 sijapata kitu. Abiria anamfuata yeye. Simlaumu, kila mtu na mfuko wake. Lakini gari ile ikipinduka Bububu, bima yake ilikatwa kwa kumchukua mwenyewe na watu wake, haikukatwa kwa nauli, na aliyevunjika mguu ndiye atakayekuja kulijua hilo akiwa kitandani.

Kwa nini nimebaki na maandishi yangu? Ramadhani moja, bado nusu saa kufuturu, nilimpeleka mama wa Kitaliano kwenye hoteli ndogo ya Mji Mkongwe. Akasahau mkoba chini ya kiti, pasipoti imo ndani. Sikuuona, nikaenda zangu nyumbani. Hoteli wakapiga simu kituoni kwetu. Kituo kina daftari: gari gani imetoka, saa ngapi, inakwenda wapi. Uji sijaumaliza, simu imenifikia. Nikatoka na tochi, mkoba upo. Yule mama angepanda gari isiyo na mwenyewe, angeanza kutafuta wapi?

Ila na sisi tuna kosa letu na nalisema wazi. Gari zetu hazina mita, bei ni ya mdomo. Mgeni ana bei yake, mwenyeji ana yake, na mwenyeji akivaa vizuri anahesabiwa mgeni. Pangekuwa na ubao getini bandarini, kwa Kiswahili, herufi kubwa, Malindi kwenda Mwanakwerekwe kiasi hiki, kwenda Fuoni kiasi hiki, yule kijana asingethubutu kumfanyia bibi vile, na mie nisingetazamwa kwa jicho la wizi. Mie kutoka bandarini mpaka Kwerekwe mchana nachukua 12,000. Nikishaitaja, haibadiliki njiani.

Mtu wa Jang'ombe

La mavazi ni kweli kabisa. Nilishuka uwanja wa ndege natoka masomoni, begi la magurudumu mkononi. Gari ilikuwa na maandishi, si bubu. Dereva akaanza na dola. Nilipomjibu akasikia lafudhi ya kwao, akanyamaza, kisha tukaanza upya kwa shilingi. Iliniuma, nikamuaga nikaenda nje kupanda daladala ya 505.

Mkwe wa Watu

Mie yamenifika ya kinyume. Wakwe zangu walikuja kutoka Tanga, nikaazima Noah ya kaka yangu, gari ya nyumbani, nikawapeleka Nungwi wakaone bahari ya kule: mama mkwe, dada zake wawili na shemeji. Tulipokaribia Mahonda tukasimamishwa. Askari hakuwa mbaya, alitusalimia kwa adabu, lakini akaingia shaka: gari si yangu, nyuma watu wazima wanne na vikapu, na lafudhi zao si za hapa. Akaniweka kando akaenda dirishani.

"Mama, huyu dereva nani wako?"

"Mkwe wangu."

"Jina lake nani?"

Mama mkwe akanyamaza. Waliolelewa kwa adabu za zamani mtanielewa. Miaka 11 nimemuoa mwanawe na hajapata kunitaja kwa jina langu, ananiita baba wa mjukuu wake. Akalitoa jina hilo hilo. Leseni yangu inasema jengine kabisa. Kwa askari ikawa kesi imekwisha, abiria hawamjui dereva wao. Tulikaa pale saa nzima, jua la saa saba, mpaka mke wangu akapatikana kwenye simu akatuma picha ya cheti cha ndoa. Askari akaomba radhi, tukaondoka. Mama mkwe hakusema neno mpaka Nungwi, alijiona yeye ndiye aliyetuponza, na hilo ndilo lililonikaa moyoni kuliko lile jua.

Sipingi ukaguzi. Huyo kijana wa Malindi ndiye hasa anayetafutwa. Ninachoomba ni kuwa teksi bubu itafutwe pale wanapopatana bei, bandarini na uwanja wa ndege. Njiani utawakuta wenye teksi bubu na wenye wakwe zao, na kwa macho hutawatenganisha.

Wa Micheweni

Kwetu Pemba ni habari nyengine. Mchana tunazo gari, 602 ya Konde na Chake, 606 ya Wete. Baada ya isha unaisikiliza barabara husikii kitu.

Mke wangu alishikwa na uchungu saa nane za usiku, msimu wa karafuu. Jirani yetu ana keri, kigari cha mizigo, ya kuchukulia karafuu, leseni ya abiria haijui. Nikamgongea. Hakuniuliza, akatoka na fulana yake ya kulalia, akafagia makonyo ya karafuu nyuma, tukatia godoro. Mama yangu na mkunga wa mtaani wakakaa wamemshika huku na huku, mie mbele nahesabu mashimo ya njia. Tulifika Wete, na mtoto akazaliwa kabla ya adhana ya alfajiri. Nilimpa jirani 20,000, akarejesha mkono. Nikamtilia mafuta kwa nguvu.

Sasa angeipokea ile pesa, si ndiyo teksi bubu hiyo? Naomba wanaopanga mambo haya wakumbuke kuwa kuna shehia ambazo usiku gari ya kukodi ni ya jirani, hakuna ya pili.

Mama Kwerekwe

Mashaallah, Mungu amkuze. Lakini kaka, aliyerejesha 20,000 na aliyefunga buti la bibi wa miaka 74 mbona unawatia kapu moja?

Wa Micheweni

Siwatii kapu moja dada. Nasema sheria inayosoma maandishi ya ubavuni tu itawaona sawasawa. Jirani yangu hana haja ya maandishi kwa sababu kijiji kizima tunaijua gari ile ya nani, na baba yake nani, na akinikosea nitakwenda kumsema kwa nani. Malindi hamjuani. Huko ndiko maandishi yanakotakiwa.

Mzanzibari wa Dar

Niongeze la Bara, maana wengine wanachanganya. Huku tuna LATRA, mamlaka ya kusimamia usafiri wa nchi kavu, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, lakini haivuki bahari. Usafiri wa barabarani haumo katika mambo ya Muungano. Polisi imo. Kwa hiyo askari aliyemsimamisha Mkwe wa Watu ni wa jeshi la Muungano, na leseni aliyokuwa akiisaka inatolewa na Serikali ya Mapinduzi Zanzibar. Mama Kwerekwe, ukipata namba ya gari, uliza pande zote mbili, usikubali kuambiwa nenda kule halafu rudi huku.

La pili, teksi za simu, zile unazoziita kwa programu. Mwaka 2022 LATRA ilipanga nauli na ikasema kampuni zisimkate dereva zaidi ya asilimia 15 ya nauli. Madereva walifurahi. Mwezi wa Aprili kampuni moja kubwa ikasimamisha huduma, na haikurudi mpaka mwaka 2023, baada ya kiwango kupandishwa kuwa asilimia 25. Mie nilikuwa natoka kazini saa nne usiku, miezi ile nilirudi nyumbani kwa bodaboda, na kila usiku mama yangu Unguja hakulala mpaka nimpigie. Wakipanga bei huko kwetu, wawaite mezani dereva, abiria na mwenye programu kwa siku moja.

Baba wa Leyton

Nimeishi London miaka mingi na nimeendesha minicab huko, niruhusuni nieleze kidogo kwa sababu linafanana na letu.

Pale kuna gari za aina mbili na sheria haizichanganyi. Teksi nyeusi unaisimamisha njiani kwa mkono, ina mita, nauli yake imepangwa na mamlaka ya usafiri ya jiji. Dereva wake kafanya mtihani wanaouita Knowledge, njia kiasi ya 25,000 azijue kwa kichwa, watu huusomea miaka mitatu, minne. Minicab, niliyoendesha mie, hairuhusiwi kumchukua mtu aliyesimama njiani hata kama mvua inamnyea. Lazima aagize kwanza kwa wakala, na bei anaweza kuijua kabla.

Hiyo minicab kwa miaka mingi London ilikuwa bubu kabisa. Mwenye gari yeyote aliweza kufanya. Sheria yake imekuja 1998. Kwa sheria hiyo zinatakiwa leseni tatu: ya dereva, baada ya kutazamwa rekodi yake ya polisi na afya yake, ya gari, na ya wakala anayepokea simu. Hii ya tatu ndiyo ninayotaka mwitie akilini. Wakala lazima aandike kila safari, nani, wapi, saa ngapi, dereva gani. Ni lile daftari la Usukani 19, ila kule kuliacha tupu ni kosa la kisheria.

Usiku mmoja msichana alinisimamisha nje ya stesheni, saa saba za usiku, peke yake, analia. Sikumpakia. Nilimpa namba ya afisi yetu, akapiga pale pale nimesimama mbele yake, safari ikaandikwa, nikapewa mie. Dakika tatu. Alipofika kwao baba yake alikuwa mlangoni na jina langu na namba ya gari yangu zimo kwenye simu yake. Nina mabinti wawili. Tangu usiku ule sikulalamikia tena karatasi.

Bubu wapo London pia, wanasimama nje ya kumbi usiku. Sheria haikuwamaliza. Lakini leo msichana ana cha kuuliza kabla ya kufungua mlango.

Muuguzi wa Usiku

Mie hutoka zamu hospitali ya Mnazi Mmoja usiku, nakwenda Chukwani. Sina daftari la London. Nina dada yangu. Kila gari naipiga picha ya namba kabla sijakaa, mbele ya dereva, namtumia dada. Ninayepanda naye mara nyingi aliniambia mwenyewe, "Piga vizuri bibie, hiyo Z haionekani." Aliyekasirika ni mmoja tu mpaka leo, na nilishuka.

Mama Kwerekwe

Nimesoma yote, nimemsomea na mama. La muuguzi amelishika, anasema simu yake ya vibonyezo haina picha, basi atanipigia anisomee namba.

Usukani 19, mama anarudi Pemba Alkhamis, boti ya saa moja asubuhi. Anakataa kupanda gari yoyote mpaka mie niwe ndani, na Alkhamis asubuhi nina mtihani wa watoto skuli. Unaweza?

Usukani 19

Naweza inshaallah. Awe tayari saa kumi na mbili kasorobo, mie nitagonga. Bei ni ile ile ya 12,000, namba ya gari na jina langu nakutumia pembeni usiku huu, na kituoni nitaiandikisha kabla sijatoka. Mizigo yake ataishika yeye mapajani kama anataka, buti sitalifunga.