Programu za kupangia mazoezi ya intavali: imekubeba au imekuangusha? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za muda huu.

Wiki tatu nzima nilijiona mwanariadha. Nilipakua programu ya kupangia intavali, yaani vipande vya kazi na vya kupumzika kwa zamu, nikajiundia zoezi langu la kwanza: sekunde 20 kazi, 10 kupumzika, raundi 8. Kila nikimaliza najisikia mwepesi, jasho lenyewe la kubembeleza. Nikaanza kumtambia mdogo wangu kwamba mwili umeshaiva. Siku tuliyofanya wote akaniuliza, "Kaka, mbona tunasimama kuliko tunavyoruka?" Kufungua mipangilio, nakuta nilijaza visanduku kinyume: 10 kazi, 20 kupumzika. Tukazigeuza. Raundi ya tano nimeshika magoti, ya sita sikuiona.

Ndiyo maana nimeanzisha uzi huu. Kuruka kila mtu anaruka, shughuli ipo kwenye kulipanga zoezi lenyewe. Wewe ulilipangaje, na programu ilikusaidia wapi au ilikutosa wapi? Majina ya programu tuyaache, tusigeuze uzi kuwa tangazo.

Mzee wa Kamba:
Mkuu, umenichekesha, ila usijilaumu sana. Hizo 20 kwa 10 ni kali kuliko zinavyoonekana kwenye kioo cha simu. Zinatokana na utafiti wa Mjapani Izumi Tabata uliochapishwa 1996. Watu wake walikuwa kwenye baiskeli ya maabara, nguvu imepandishwa kiasi kwamba raundi ya saba au ya nane mtu hana kitu tena. Jumla haizidi dakika 4. Leo ukifungua mazoezi yaliyopangwa tayari unakuta "Tabata ya dakika 30". Ukiweza kwenda hivyo dakika 30, basi hiyo ni kitu kingine kilichoazima jina.

Kosa langu mimi lilikuwa dogo ila la kijinga. Nabonyeza kuanza, naiweka simu chini, naokota kamba, naikung'uta mafundo, na raundi ya kwanza imeshakwisha. Nilifanya raundi 7 miezi miwili nikiandikiwa 8. Siku hizi natangulizia sekunde 15 za maandalizi. Karibu programu zote zina kisanduku hicho, tunakiruka tu.

Nipo Nyuma Yenu:
Mimi iliniangusha simu, programu haina kosa. Nilikuwa nakimbia dakika 2 kwa nguvu, dakika 1 kutembea, simu mfukoni. Raundi ya tatu nikaingia kwa nguvu zote nikisubiri mlio. Nasubiri. Pumzi inakata, kifua kinawaka, naapa hizi dakika mbili leo kuna mtu kaziongeza. Kuichomoa simu, programu imejifunga yenyewe! Kumbe kioo kikizimika, simu nyingi huua programu inayofanya kazi kichinichini ili kuokoa betri. Dawa: ingia mipangilio ya simu yenyewe, sehemu ya betri, tafuta programu yako, iruhusu ifanye kazi bila kizuizi. Halafu ijaribu ukiwa umekaa, kioo kimezimwa, usikilize kama mlio unakuja. Usiende kuigundulia njiani kama mimi.

Mama Macho:
Ya betri ilinikuta pia, nikadhani nimebonyeza vibaya. Asante.

Kwangu tatizo lilikuwa sauti. Nafanya usiku mtoto akishalala. Siku ya kwanza, sauti imepandishwa mpaka mwisho na mimi sijui, programu ikatangaza "KAZI!" chumba kizima. Kweli ikawa kazi, nilibembeleza saa nzima. Sasa natumia mtetemo peke yake, simu nimeibana kiunoni kwenye mkanda. Mtetemo mmoja anza, miwili pumzika. Ukizoea, hauhitaji hata kuangalia kioo, na nimegundua nisipoangalia sekunde zinavyopungua, natulia zaidi.

Njia ya Tatu:
Mimi ni wa uwanjani, kwa hiyo napanga kwa umbali. Mita 400 mara 8, katikati mita 200 za kujikongoja. Mtindo huu ni wa kale kuliko simu. Emil Zátopek, yule aliyechukua dhahabu za mita 5,000, mita 10,000 na marathoni kwenye Olimpiki moja, Helsinki 1952, alikuwa akirudia 400 kwa makumi bila programu ya mtu.

Nilichojifunza kwa uchungu: usiiachie setilaiti ikupimie mizunguko mifupi. Uwanja ni uleule, mzunguko mmoja inasoma 390, unaofuata 415, na kengele inalia katikati ya kona. Siku hizi mstari ukifika nabonyeza mwenyewe.

Jambo la pili ni mapigo ya moyo. Nilikuwa nakasirika: nimetimka sekunde 30, saa ya mkononi inasema 128. Nasimama kupumzika, namba ndiyo inapanda! Nikadhani saa mbovu. Moyo wenyewe huchelewa kuitikia, na kipimo cha mkononi nacho huchelewa juu yake; mkanda wa kifuani una nafuu. Kwa vipande vifupi nimeacha kabisa kuangalia mapigo, nafuata kasi na pumzi. Ninayaangalia kwenye vipande virefu, zile dakika 4 mara 4 zenye dakika 3 za kujongea katikati, ambapo moyo una muda wa kufika asilimia 85 hadi 95 ya kiwango chake cha juu. Na kiwango hicho, kama programu imekukokotolea kwa 220 kutoa umri, kichukulie ni makisio. Mtu na mtu wanaweza kupishana nacho kwa mapigo kumi na zaidi. Mimi kilinidanganya mwaka mzima.

Goti Kimya:
Naona wote mnaruka na kutimka, acha wa polepole niseme. Niliumia goti, na mtaalamu wa viungo alipomaliza nami akaniambia nianze na kutembea. Mazoezi yote yaliyopangwa tayari ndani ya programu yalikuwa ya kuruka, hata yale yaliyoandikwa "wanaoanza". Nikaunda langu: dakika 5 kupasha, kisha dakika 1 haraka na 2 taratibu, raundi 6, dakika 5 kupoza. Jumla 28. Kila baada ya wiki mbili nabadilisha kitu kimoja tu, ama raundi moja zaidi, ama muda wa haraka. Nikigusa viwili kwa pamoja na goti likalalamika, sitajua nimlaumu nani. Sehemu ya maelezo naandika neno moja: "kimya" au "linasema".

Ninachoilaumu programu ni zile pongezi. "Siku 19 mfululizo! Usivunje mnyororo!" Siku ya 20 goti lilikuwa linasema, nikaenda hivyohivyo kwa ajili ya mnyororo. Nililala nalo limevimba. Intavali za nguvu wala si za kila siku, mara mbili tatu kwa wiki zinatosha. Nimezima arifa zote za aina hiyo.

Mti Ule Pale:
Mimi niliifuta. Nakimbia kwa kasi mpaka mti ule pale, nanyata mpaka kwenye jiwe, nachomoka tena. Wasweden wana jina lake, fartlek, yaani kuchezea kasi. Kocha wao Gösta Holmér ndiye aliyeuanzisha mtindo huo miaka ya 1930. Hapo betri inahusikaje?

Goti Kimya:
Mkuu, na siku ukiwa mvivu mti hausogei karibu?

Mti Ule Pale:
Unasogea. Siku nyingine nachagua kichaka.

Mwanzisha uzi:
Nimesoma yote. Nimeongeza sekunde 15 za Mzee wa Kamba, nimeirekebisha betri, pongezi nimezizima. Jana tukarudia na mdogo wangu, 20 kwa 10 zikiwa upande wake sahihi. Nimefika raundi ya saba. Ya nane kaimaliza yeye, mimi nimelala sakafuni namhesabia.