Warina asali wa Ugalla tumekosa nini? Kigosi wamefunguliwa, sisi kimya!

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Sisi wa Sikonge na Urambo, huku Tabora, asali ya pori la Ugalla tumeikuta kwa babu zetu. Enzi za pori la akiba utaratibu ulikuwepo: unachukua kibali, kiangazi kikifika mnaingia, mnapiga kambi, mnarina, mvua zikikaribia mnatoka. Haikuwa starehe. Askari anakupekua mpaka ndani ya sufuria akitafuta kimoro (nyama pori iliyokaushwa), madumu yanafunguliwa moja moja na nyuki bado wanazunguka. Tulivumilia, maana ndiyo sheria.

Ikaja 2019, Ugalla ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa, pamoja na pori la Kigosi. Hapo ndipo tulipoumia. Pori la akiba linaendeshwa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, ambayo inaacha nafasi ya kibali. Hifadhi ya taifa ina sheria yake, Sura ya 282, na huko anayekaribishwa ni mtalii. Mrinaji akionekana ni mvamizi. Mizinga yetu ikabaki ndani na nyuki wake.

Kinachonichoma roho ni hiki. Baadaye Bunge liliridhia Kigosi ivuliwe hadhi ya hifadhi ya taifa, irudi kuwa hifadhi ya msitu, na kilio cha wafuga nyuki kilikuwa miongoni mwa sababu. Safi sana, wenzetu wa Bukombe mnaorina Kigosi hongereni. Sasa nyuki wa Ugalla wao wanakula twiga?

Nimekwenda ofisi moja (siitaji) kuulizia mizinga yangu. Kijana hata hakuinua macho kwenye simu. "Mzee, andika barua." Barua nikapeleka. Nikaambiwa haina muhuri wa kijiji. Nikarudi na muhuri, nikaambiwa mhusika yuko semina. Semina ya nini? Ya ushirikishwaji wa jamii katika uhifadhi! Nilicheka kwa uchungu.

Halafu tuambizane ukweli kuhusu nani anamaliza misitu ya miombo ya Tabora. Piteni Kaliua msimu wa kukausha tumbaku mwone matela ya kuni yanavyopishana barabarani. Mimi nikikata mti wa mtundu naua chakula cha nyuki wangu mwenyewe, nitakula wapi? Ndiyo, mizinga ya magome inaua mti, hilo halina ubishi, na wazee wengi wamehamia ya mbao. Na ndiyo, wapo waliokuwa wanaingia na kibali cha asali kumbe begani wana gobore. Hao wafungwe. Lakini mbona mwizi wa ng'ombe akikamatwa hamfungi mnada mzima?

Sipingi sheria za kulinda wanyama. Napinga sheria inayobadilika juu yetu halafu hakuna anayekuja kijijini na ramani kusema mpaka mpya uko hapa, mizinga yenu mtaitoa hivi, mbadala wenu ni huu. Tuliyasikia redioni!

Wanasheria mliomo humu, nijibuni bila siasa: mizinga niliyoitundika kwa kibali halali kabla ya 2019, leo ni mali ya nani? Na nikiifuata, nashtakiwa kwa kosa gani?