Dinari ya Shajar al-Durr mbona haina jina lake?

mzee_wa_hela: Wadau habari zenu. Nilikuwa napitia picha za sarafu za zamani nikakutana na dinari ya Misri ya 1250, ya Shajar al-Durr, yule mama aliyetawala Cairo baada ya mumewe kufa. Sasa maandishi yote yanataja khalifa, mume na mtoto, jina lake mwenyewe halipo! Huyu alikuwa mtawala kweli au kawekwa tu pale kama pambo?

Kitabu_Wazi: Mkuu hiyo ni siasa tupu. Enzi hizo ukitaka kujua nani kashika nchi unasikiliza jina linaloombewa dua kwenye hotuba ya Ijumaa na unaangalia jina kwenye sarafu, basi. Sasa huyu mama alianza kama mjakazi, hana ukoo wa kifalme, ndo maana kajiegemeza kwa wenye majina, sarafu inamuita hivi: al-Musta'simiyya yaani wa khalifa al-Musta'sim wa Baghdad, al-Salihiyya yaani wa marehemu al-Salih Ayyub, halafu malkia wa Waislamu, mama wa al-Malik al-Mansur Khalil. Na huyo Khalil alishafariki mdogo zamani!! Yaani mtoto marehemu ndo anampa mama yake uhalali. Lakini pambo hapana, mumewe alipokufa 1249 mfalme Louis wa Ufaransa yuko ndani ya Misri na jeshi lake, mama akaficha kifo na amri zikaendelea kutoka kama vile sultani yupo hai. Khalifa ndo hakumtaka, wanasimulia alituma ujumbe kwamba kama mmeishiwa wanaume semeni tuwaletee. Miezi mitatu haikuisha akaachia kiti, akaolewa na kamanda Aybak.

bintiwapwani: Ila jamani msipime nguvu ya mtu kwa sarafu. Sati Beg, malkia wa kule Iran ya Wamongolia, 1338-39, sarafu zinamuita sultana mwadilifu na jina lake lipo kabisaa, lakini aliyekuwa anaendesha mambo ni amiri Hasan Kuchik, alimpandisha yeye na baada ya muda mfupi akamshusha akamuozesha kwa Sulayman aliyemuweka badala yake. Halafu mchukue Dayfa Khatun wa Aleppo, 1236 mpaka 1242 ndo mwenye kauli ya mwisho, kajenga na madrasa ya al-Firdaws ambayo watu wanaisifia mpaka leo, ila sarafu ni za mjukuu wake al-Nasir Yusuf. Mimi naona aliyetulia kwenye kiti hana haja ya kujitangaza.

mzee_wa_hela: Duh hiyo ya Dayfa sikuijua. Na Radiyya wa Delhi je?

Kitabu_Wazi: Huyo 1236 hadi 1240, jina lipo, ila tanka, yaani sarafu zake za fedha za Lakhnauti kule Bengal bado zinamtaja kama binti wa Iltutmish. Kwa hiyo bi dada nakubali nusu tu, Radiyya alikuwa anatawala kwelikweli na jina kaweka, baba ndo alikuwa kinga yake mbele ya wale maamiri wakorofi.

bintiwapwani: Sawa, Radiyya nakuachia 😂

msafiri254: Huku kwetu Kilwa kulikuwa na yoyote ya mwanamke?

Kitabu_Wazi: Nilizoziona mimi ni majina ya masultani wanaume, Ali bin al-Hasan na wenzake, vishaba vidogo vyenye maandishi ya vina. Vizuri sana lakini, vitafute.