MREJESHO: Bodi ya Hiace niliyobandika kwa gundi, Mtwara

Wakuu, niliomba ushauri kuhusu Hiace yangu iliyoliwa na kutu ubavuni, kidole kinapenya kabisa: nichomelee bati jipya au nibandike kwa gundi ya epoksi? Nimebandika, na nawashukuru sana.

Gundi yenyewe ni kazi ndogo. Shughuli ipo kwenye kusafisha. Fundi wa hapa Mikindani alikata bati bovu lote, akapiga grenda kingo za zamani na za bati jipya, upana wa vidole viwili, mpaka chuma kikang'aa. Akafuta kwa thina, akapaka gundi papo hapo, maana kwa hewa hii ya chumvi chuma kitupu hakichelewi kushika kutu. Tukabana kwa klempu usiku kucha. Gundi iliyotokeza ukingoni tuliisambaza izibe mwanya wote.

Moto wa kuchomelea huunguza rangi ya upande wa ndani, kutu ikaanzia hapo tena. Hilo nimeliepuka. Ila sehemu zinazobeba uzito alikataa katakata kubandika, akachomelea. Namuunga mkono.

Mvua zimepita. Jana nimefunua kapeti, pakavu.