Hizi nyongeza kwenye matoleo mapya ya jazi ya zamani: mnazisikiliza au mnaziruka?

SindanoKongwe (Tanga)

Wakuu, shikamooni kwa mnaostahili, wengine habari za Jumapili.

Nina swali ambalo pengine ni la kipuuzi, lakini limeninyima raha wiki nzima. Marehemu baba alikuwa baharia wa meli za mizigo, akaacha santuri kama arobaini. Nyingi ni za dansi, chache ni jazi ya Wamarekani aliyokuwa akinunua huko bandarini. Mojawapo ni Waltz for Debby ya mpiga piano Bill Evans. Nyimbo sita tu, tatu huku, tatu kule. Nimeisikia tangu sijaanza shule, kiasi kwamba wimbo mmoja ukiisha, unaofuata nimeshausikia kichwani kabla haujaanza. Kwenye "Detour Ahead" kuna mkwaruzo ambao dada yangu aliuweka kwa kijiko cha chai, na hata nikiusikia wimbo huo mahali pengine bado nausubiri ule "tak, tak, tak".

Sasa sindano ya gramafoni imekufa na ya kufanana nayo sijaipata. Shemeji kaja likizo kutoka Uingereza akaniletea CD ya albamu hiyohiyo. Nikafurahi kweli. Jioni nikaiweka, Mama Zuhura yuko kwenye mkeka anachagua mchele. "My Foolish Heart" ikapita, hakuna aliyesema neno. "Waltz for Debby" ikapita. Nikajiandaa kwa "Detour Ahead" na mkwaruzo wake. Ikaanza tena "Waltz for Debby".

Mama Zuhura akainua uso: "Imekwama?"

Nikasema haijakwama. Nikachukua kasha, nikatafuta miwani. Kumbe wameweka teki mbili, yaani wimbo uleule uliorekodiwa mara mbili. Ile tuliyoizoea ni teki ya pili, na papo hapo nyuma yake wamebandika ya kwanza. "Detour Ahead" mara mbili. "My Romance" mara mbili. Nyimbo sita zimekuwa kumi. Na mwisho kabisa, baada ya "Milestones", pale ambapo baba alikuwa anainuka kwenda kuzima, kuna wimbo "Porgy" ambao sikuwahi kujua kama upo.

Sisemi ni mbaya. Hiyo "Porgy" nimeirudia mara nne. Lakini huo mpangilio! Ni kama umealikwa pilau, umemaliza sahani, mwenyeji anakuletea sahani nyingine ya pilau ileile, iliyopungua chumvi kidogo, ili ujue alivyokuwa anaonja jikoni.

Naambiwa kuna na boksi la CD tatu lenye onyesho zima la siku albamu hiyo iliporekodiwa. Nihangaike nalo, au ndiyo njia ya kutuuzia kitu kilekile mara ya tatu?

mtu_wa_kanda (Dodoma)

Marahaba kijana. Nimezungusha kanda za redio tangu enzi za wembe na gundi mpaka nilipostaafu, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Kwanza dawa ya haraka. Kama mashine yako ina kitufe cha kupanga nyimbo, andika 1, 2, 4, 6, 8, 9. Hapo umepata santuri ya baba yako, mkwaruzo tu ndio utaukosa.

Pili, usiwalaumu sana. Upande mmoja wa santuri unabeba dakika ishirini na kitu. Ukizidisha hapo, mifereji inabanana na sauti inapungua nguvu. Ilipokuja CD yenye nafasi ya dakika zaidi ya sabini, makampuni yakajikuta na nyumba kubwa na fanicha kidogo. Wakaingia stoo. Waliopanga teki mbilimbili mfululizo walimfikiria mwanafunzi wa muziki anayetaka kulinganisha. Mtu aliyekaa na mkewe barazani hawakumfikiria.

Tatu, hilo boksi. Lilitoka 2005 na mimi ninalo. Jumapili ya tarehe 25 Juni 1961, Bill Evans kwenye piano, Scott LaFaro kwenye besi na Paul Motian kwenye dramu walipiga vipindi vitano pale Village Vanguard, New York: viwili mchana, vitatu usiku. Ni ukumbi mdogo wa chini ya ardhi. Unasikia glasi zinagongana, unasikia mwanamke anacheka kwa mbali wakati Evans anapiga kitu ambacho wewe unataka kulia. Siku kumi na moja baadaye LaFaro akafa kwa ajali ya gari, miaka 25 tu. Evans alishikwa na majonzi hata akakaa miezi hapigi.

Kwa hiyo santuri ya kwanza iliyotoka, Sunday at the Village Vanguard, ilichaguliwa ili LaFaro aonekane: inaanza na wimbo wake, "Gloria's Step", inaisha na wimbo wake, "Jade Visions". Yako, Waltz for Debby, ilifuata baadaye, kutoka kanda zilezile. Ndiyo maana hata hiyo albamu ya baba yako siyo "yenyewe" kwa maana unayoidhani. Kuna mtu alikaa akachagua, akachanganya wimbo wa mchana na wa usiku. Boksi linarudisha siku ilivyokwenda, na teki za nyimbo za albamu yako hazifuatani tena kama mapacha. "Waltz for Debby" unakutana nayo, unaisahau, halafu inarudi baadaye watu wameshakunywa, na vidole vya Evans vimeshika moto. Hapo unaelewa kwa nini walirudia: vipindi ni vitano na wateja wanabadilika. Hawakuwa wanajisahihisha.

Na kitu cha kukuchekesha wewe wa Tanga. Wimbo wa kwanza kabisa wa siku ile, "Gloria's Step" teki ya kwanza, ulikaa kabatini miaka yote kwa sababu umeme ulikatika katikati ya kurekodi. New York, 1961. Umo kwenye boksi na pengo lake.

Saksi_Nyali

Mzee hapo umenikumbusha uchungu wangu. Mimi napiga saksafoni kwenye mahoteli hapa Mombasa, na shule yangu ilikuwa kaseti ya Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis. Kila jioni nafungia chumbani, napiga sambamba na "So What". Haikubali. Saksi yangu iko chini kidogo, siku zote. Nasukuma mdomo wa saksi ndani, zaidi, zaidi, mpaka inakubali. Halafu nakwenda kazini vivyo hivyo, mpiga kinanda ananitazama kama nimemtukania mamake, kwa sababu sasa niko juu ya bendi nzima. Na cha ajabu, nikigeuza kaseti upande wa pili, "All Blues", kila kitu sawa.

Nikaamini masikio yangu ni mabovu. Kumbe siku ya kwanza ya kurekodi, tarehe 2 Machi 1959, mashine ya kanda iliyotumika kutengenezea santuri ilikuwa inazunguka polepole. Kanda ikirekodiwa polepole halafu ikachezwa kwa mwendo wa kawaida, muziki unakimbia na sauti inapanda. Nyimbo tatu za upande wa kwanza zote zimepanda. Upande wa pili ulirekodiwa tarehe 22 Aprili, mashine haikuwa na kasoro. Dunia nzima ikasikiliza hivyo zaidi ya miaka thelathini! Matoleo ya miaka ya tisini ndiyo yaliyorekebisha, wakitumia kanda ya mashine ya pili iliyokuwa ikirekodi sambamba.

Toleo la 1997 nililonalo lina nyongeza moja tu, teki ya kwanza ya "Flamenco Sketches", ndio wimbo pekee waliofika nao mwisho zaidi ya mara moja. Iko mwishoni, imekaa peke yake kwa adabu. Ukiisikiliza baada ya ile rasmi utasikia watu walewale wamepewa ngazi zilezile tano za sauti za kupandia, na hakuna hata mmoja aliyekanyaga alipokanyaga mwanzo. Kwangu mimi hiyo ni somo kuliko kitabu.

Kaka_Mbishi

Nyie mnapumbazwa tu. Teki iliyoachwa iliachwa na wenyewe. Waliipiga, wakaisikiliza, wakasema hapana. Leo wengi wao ni marehemu, mtu anafungua kabati lao anatuuzia nguo za ndani, nasi tunashukuru. Mimi nataka albamu kama ilivyotoka. Full stop.

mtu_wa_kanda (Dodoma)

Kaka Mbishi, nusu ya neno lako nakubali. Kuna matoleo nimeyanunua yana mwanzo wa wimbo uliokosewa, mtu anakohoa, basi. Hayo ni makombo.

Lakini "kama ilivyotoka" ina mitego. Chukua Mingus Ah Um, albamu ya mpiga besi Charles Mingus, pia ya 1959. Ile iliyotoka ilikuwa imekatwakatwa, vipande vya solo vikatolewa ili nyimbo ziingie kwenye santuri. Mimi wembe nimeushika, najua: unaweka kanda kwenye kibao, unakata mshazari, unabandika, na solo ya mtu iko sakafuni karibu na kiatu chako. Vipande hivyo vilirudishwa baadaye. Aliyepiga hakusema hapana. Saa ndiyo iliyosema hapana.

Au Duke Ellington na bendi yake pale kwenye tamasha la jazi la Newport, Marekani, tarehe 7 Julai 1956. Paul Gonsalves alipiga solo ya saksafoni mizunguko 27 mfululizo, watu wakapanda juu ya viti. Lakini alikuwa anapulizia maiki isiyo yake, ile ya redio ya Sauti ya Amerika, siyo ya kampuni ya santuri. Kwenye albamu akasikika kama yuko nje ya uzio. Tena sehemu kubwa ya hiyo albamu ya "moja kwa moja kutoka Newport" ilipigwa upya studio, makofi yakabandikwa. Toleo la 1999 ndilo lililoleta kanda ya Sauti ya Amerika, wakaioanisha na ya kampuni, moja sikio la kushoto, moja la kulia, na Gonsalves akarudi jukwaani. Sasa niambie, ipi ndiyo "kama ilivyotoka"?

Hao Sauti ya Amerika tuwape maua yao. Kanda ya mpiga piano Thelonious Monk na mpiga saksafoni John Coltrane pale ukumbi wa Carnegie Hall, New York, Novemba 1957, waliirekodi wao, ikakaa mpaka 2005 ilipoonekana ndani ya Maktaba ya Bunge la Marekani.

Kaka_Mbishi

Ya Newport sikuijua. Ya nguo za ndani siifuti.

bintNgamiani

Samahani natoka nje ya mada. Mnazungumza matoleo mapya na hakuna aliyetaja Uhuru Afrika, albamu ya mpiga piano Mmarekani Randy Weston? Ilirekodiwa New York Novemba 1960, Tanganyika bado haijapata uhuru, na inafunguliwa na shairi la Langston Hughes linalosomwa pia kwa Kiswahili na Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Kiswahili chetu kabisa. Kuna na "Kucheza Blues". Kule Afrika Kusini ya makaburu ikapigwa marufuku. Siku wakitoa toleo lenye teki zote za usomaji ule, mimi natoa hela bila kuuliza bei, hata kama mzee anakohoa katikati.

Saksi_Nyali

Hapo hata Kaka Mbishi atanunua.

SindanoKongwe (Tanga)

Nimerudi, wakuu. Ahsanteni wote, na mzee wa Dodoma ubarikiwe, ile 1, 2, 4, 6, 8, 9 imefanya kazi. Imenibidi nikiri kwamba "Detour Ahead" bila mkwaruzo inaniacha nimeinua mguu kama anayesubiri kidato kisichokuwepo.

Boksi sijalipata mkononi, ila kijana wangu amelipata lote kwenye simu, tukaunganisha na redio kwa waya. Jana usiku nikaanza mwanzo kabisa, bila kuruka. Sikumwambia Mama Zuhura chochote. Alikuwa anashona kifungo. "Gloria's Step" ikaingia, besi ya yule kijana inatembea, mimi namtazama yeye tu. Sauti ikapotea.

Mama Zuhura hakutazama redio. Alitazama balbu. Mkono mmoja ulishakwenda kutafuta tochi chini ya mto.

Sauti ikarudi. Nikamweleza: siyo hapa, ni kule, mwaka 1961. Alicheka mpaka uzi ukamtoka kwenye sindano. Halafu akanyamaza kidogo, akauliza, "Sasa maskini, hawakurudia?"

Nikamwambia walirudia mara mbili, usiku wa siku ileile.

"Basi niwekee na hizo," akasema.